Je, Wajua? Presha Huifuata Figo

Ni panya mweupe, mpole, na kwa sura hana tofauti na panya wengine wa maabara. Akila chakula chenye chumvi kidogo, huoni ajabu. Chumvi ikifika asilimia 8 ya chakula chake, presha yake hupanda ndani ya wiki chache, na mwishowe humuua. Jirani yake wa kizimba cha pili anakula chakula kile kile, chumvi ile ile, na presha yake haitikisiki.

Wawili hao huitwa panya wa Dahl, kwa jina la Lewis Dahl, daktari wa Marekani aliyefanya kazi katika maabara ya Brookhaven, jimbo la New York. Dahl aliona kwamba akiwalisha panya chumvi nyingi, hawafanani: wengine presha iliruka, wengine ilipanda kidogo, wengine haikusogea. Hakuridhika na wastani. Waliopanda presha aliwazalisha wao kwa wao, na wasiopanda vivyo hivyo. Vizazi vichache vilitosha: mwaka 1962 alitangaza kuwa amepata koo mbili, moja dhaifu mbele ya chumvi, nyingine sugu.

Tofauti yao iko wapi mwilini? Mwaka 1974 Dahl na wenzake walichapisha matokeo ya kupandikiza figo kutoka ukoo mmoja hadi mwingine. Panya sugu akiwekewa figo ya panya dhaifu, presha ilipanda. Panya dhaifu akipata figo ya panya sugu, presha ilishuka. Figo ilihama, nayo presha ikaifuata.

Sababu imo katika kazi ya kiungo hicho. Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za maji kutoka kwenye damu kila siku, na humo mna zaidi ya kilo moja ya chumvi. Karibu yote hurudishwa mwilini. Zinazotoka na mkojo ni gramu chache, kadiri ya zile alizokula. Figo ikishindwa kuzitoa kwa wakati, sodiamu hubaki na kuvuta maji. Ujazo wa damu huongezeka na presha hupanda, na ni presha hiyo ya juu inayoilazimisha figo kutoa chumvi iliyosalia. Mwenye figo nzito hulipa kwa presha kile ambacho mwenzake hukitoa bure.

Binadamu nao wana makundi yao. Mwaka 1986 Myron Weinberger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Indiana waliripoti jaribio la kuwatundikia watu dripu ya lita 2 za maji ya chumvi, kisha kesho yake kuwapa chakula chenye chumvi kidogo mno pamoja na dawa ya kukojoza, na kupima presha ilivyoshuka. Walioonekana kuathiriwa na chumvi walikuwa karibu nusu ya wagonjwa wa presha, na karibu robo ya wasio wagonjwa.

Wanaoathiriwa zaidi ni wazee kuliko vijana, wenye kisukari au figo zilizodhoofika, na katika tafiti nyingi za Marekani, watu wenye asili ya Afrika kuliko Wazungu. Wapo pia wachache wenye ugonjwa wa Liddle, ambao kasoro ya jeni moja huifanya figo irudishe sodiamu kupita kiasi tangu ujanani.

Lakini kurithi si yote. Potasiamu, iliyomo katika ndizi, maharage, viazi vitamu na mboga za majani, huisaidia figo kuitoa sodiamu. Watafiti waliowafuatilia Waluo waliohama vijiji vya magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi waliripoti mwaka 1990 kwamba presha ya wahamiaji ilikuwa juu kuliko ya waliobaki nyumbani, na mkojo wao ulikuwa na sodiamu nyingi zaidi ukilinganisha na potasiamu. Nchini China, jaribio la vijiji 600 lililochapishwa mwaka 2021 lilitumia chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu. Visa vya kiharusi vilipungua kwa asilimia 14. Mgonjwa wa figo asiiguse chumvi hiyo bila ushauri wa daktari, kwani potasiamu ikizidi huhatarisha moyo.

Kipimo cha Weinberger ni kizito mno kwa zahanati, na hakuna cha haraka kilichoshika nafasi yake. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linawaambia watu wazima wote jambo moja: chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na iliyomo kwenye mkate, soseji na viungo vya pakiti. Anayejisifu kwamba chumvi haimdhuru huenda leo anasema kweli. Ila panya wa Dahl alizaliwa katika ukoo wake na hufa humo. Mtu anaweza kuhama kundi, na figo zake zinazeeka pamoja naye.