Jiwe la Bahari, Jiwe la Moto: Kutoka Shelly Beach hadi Mrima

Maji yakipwa Shelly Beach, unakanyaga jiwe la matumbawe. Jiwe hilo lilijengwa na viumbe wa baharini zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Lakini ukishika barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga hadi upite Msambweni, upande wa bara kuna vilima vyenye asili nyingine: Dzombo na Mrima, katika Kaunti ya Kwale.

Vilitokeaje?

Enzi za dinosaria, uji wa mawe yaliyoyeyuka ulipanda kutoka chini sana na kupenya katika mawe ya mchanga. Ulikuwa na sodiamu na potasiamu nyingi. Uji uliokwama njiani ulipoa polepole, ukawa mwamba mgumu. Mvua ilipomomonyoa mawe laini ya kando, mwamba ulibaki umesimama. Huo ndio Dzombo.

Mrima ni nduguye, ila uji wake ulijaa kaboneti, kama ule wa volkeno ya Ol Doinyo Lengai, Tanzania. Mvua za miaka mingi ziliyeyusha chokaa yake, zikaacha udongo wenye niobiamu, madini adimu na thoriamu.

Kwa nini yakuhusu?

Thoriamu hutoa mionzi isiyoonekana, na wataalamu wameipima Mrima. Kupita hapo si hatari ya papo hapo. Lakini udongo huo ukitumiwa kujengea nyumba, wanaoishi ndani hupata mionzi kila siku. Unaponunua kifusi au kokoto kutoka Kwale, uliza zilichimbwa wapi. Usichukue udongo wala mawe ya Mrima.

Mrima pia ni msitu wa hifadhi na kaya ya Wadigo. Leseni ya kuchimba madini hapo ilifutwa mwaka 2013. Mwaka 2018, jopo la kimataifa la usuluhishi, ICSID, lilikataa dai la fidia dhidi ya Kenya, kwa kuwa leseni ilitolewa bila kufuata sheria, ikiwemo ya tathmini ya mazingira.

Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: serikali ya kitaifa asilimia 70, kaunti 20, na jamii ya mahali yanapochimbwa 10. Kikao cha kutoa maoni kikiitishwa kwenu, hudhuria, na uulize kwanza ripoti ya mazingira iko wapi.