Kuirudisha Retina Mahali Pake
Retina, utando mwembamba wa neva unaopokea mwanga nyuma ya jicho, huanza kufa inapobanduka kutoka kwenye tabaka linaloilisha, na kabla Jules Gonin wa Lausanne, Uswisi, hajaonyesha katika miaka ya 1920 kwamba tiba ni kuziba tundu linalopitisha majimaji, wagonjwa wengi waliishia upofu. Leo daktari hushona ukanda wa silikoni nje ya jicho ili ukuta wake ubonyee ndani, au, kwa vitrektomi aliyoianzisha Robert Machemer huko Miami, huondoa ute unaoivuta retina, akaziba tundu kwa leza na kujaza gesi, ambayo hutanuka angani, hivyo mgonjwa hapandi ndege mpaka iishe. Anayeona ghafla vimulimuli au kivuli kama pazia aende hospitali siku hiyohiyo.