Surat: Mji Unaong'arisha Mali ya Wengine

Katika vichochoro vya Mahidharpura, mjini Surat, almasi huuzwa barabarani mchana kweupe. Madalali huketi juu ya pikipiki zilizoegeshwa, hukunjua pakiti ndogo za karatasi nyeupe, na mnunuzi huzikagua punje moja moja kwa kibano na lenzi. Maandishi ni machache. Dalali akitoa neno kwamba fedha zitakuja baada ya siku kadhaa, mzigo unaondoka. Mfanyabiashara wa Kariakoo asingehitaji kuelezwa: ni mali kauli, ila hii huingia kwenye mfuko wa shati.

Mji huu wa jimbo la Gujarat, magharibi mwa India, hauna mgodi wa almasi. Mawe ghafi hutoka Botswana, Angola, Urusi na Kanada, na kwa miaka mingi mnunuzi mkubwa kuliko wote amekuwa Marekani. Hata hivyo inakadiriwa kuwa almasi tisa kati ya kumi zinazokatwa duniani, kwa idadi ya mawe, hupita mikononi mwa mafundi wa India, wengi wao wakiwa Surat na miji jirani. Mtaji wa Surat ni mikono na kuaminiana. Udhaifu wake nao umelala hapo hapo, kwa kuwa bei haipangwi na anayekata jiwe.

Wasurat wamewahi kuonja machungu ya kutegemea wageni. Katika karne ya 17 bandari yao kwenye Mto Tapi ilikuwa lango la bahari la dola ya Mughal. Mahujaji waliondokea hapo kwenda Makka, na vitambaa vya Gujarat vilifika Uarabuni na pwani ya Waswahili. Waingereza walifungua kituo chao cha biashara mwaka 1613, na walipoishiwa walikopa kwa tajiri wa mjini, Virji Vora. Kisha Shivaji, mpinzani wa dola ya Mughal, akaupora mji mwaka 1664, akarudia mwaka 1670. Mwaka 1687 Waingereza walihamishia makao yao Bombay (Mumbai ya leo), mto ukazidi kujaa mchanga, na meli zikaenda kwingine. Walibaki wafumaji na mafundi wa jari, ule uzi wa dhahabu na fedha wa kutarizia. Nguo bado ni nguzo ya pili ya uchumi wa mji: sari za poliesta kwa bei ya jumla, zinazofumwa kwa mashine na vibarua wengi kutoka Odisha, upande wa pili wa nchi.

Kuhusu almasi, simulizi ya mjini inadai kuwa ufundi uliletwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Wagujarati waliorejea kutoka Afrika Mashariki. Iwe hivyo au la, karakana zilishamiri baadaye sana, hasa miaka ya 1970, Wamarekani walipopenda vito vya bei nafuu vyenye vijiwe vidogo. Fundi wa Antwerp alikuwa ghali mno kwa punje kama hizo. Wafanyabiashara wa dini ya Jaini kutoka mji wa Palanpur walishika mauzo, wakiwa na ofisi Mumbai na Antwerp. Kwenye magurudumu ya kunolea waliketi wakulima wa eneo la Saurashtra waliokimbia ukame, mara nyingi wanne kwa gurudumu moja, wakilipwa kwa kipande. Leo kompyuta hupima jiwe na leza hulipasua, lakini malipo ya kipande hayajaondoka. Sikukuu ya Diwali ikifika, karakana hufungwa kwa wiki kadhaa na mabasi hujaa watu wanaorudi vijijini.

Miaka ya karibuni likizo zimekuja hata bila sikukuu. Mwaka wa fedha 2022/23 India iliuza nje almasi zilizokatwa zenye thamani ya takriban dola bilioni 22. Mwaka 2024/25 mauzo hayo yalishuka hadi kama bilioni 13. Wachina walipunguza ununuzi. Nchi za G7 zilizuia mawe ya Urusi kuanzia Januari 2024. Agosti 2025 Marekani ilipandisha ushuru wa bidhaa nyingi za India hadi asilimia 50, almasi zikiwemo.

Pigo la nne limepikwa nyumbani. Almasi ya maabara hukuzwa kwa gesi ya methani ndani ya tanuri maalumu kwa majuma machache, na Surat imeikumbatia kwa mikono miwili. Juni 2023 Waziri Mkuu Narendra Modi alimpa Jill Biden, mke wa rais wa Marekani wa wakati huo, moja ya karati 7.5 iliyotengenezwa hapo. Serikali ya Marekani iliikadiria dola 20,000. Jiwe la mgodini la ukubwa na ubora huo lingegharimu mara nyingi zaidi. Tatizo ni kwamba mtambo mmoja ukileta faida, majirani kumi hununua mitambo, na bei imeporomoka. Kwa fundi gurudumu ni lile lile, ila ujira unaelekea kufuata bei.

Katikati ya msukosuko huo, Desemba 2023, Modi alifungua Soko la Almasi la Surat: minara tisa, ofisi zaidi ya 4,500, eneo la sakafu kubwa kuliko la Pentagon, makao ya wizara ya ulinzi ya Marekani. Lengo lilikuwa kuhamisha biashara kutoka Mumbai. Ofisi nyingi zilibaki zimefungwa. Kwa maoni yangu waliojenga walikosea mahesabu: Mumbai ina benki, ndege za kimataifa na wanunuzi waliozoea njia, na dalali wa Mahidharpura haoni sababu ya kulipa pango pembeni mwa mji wakati pikipiki yake inamtosha.

Mafundi, kwa upande wao, wameomba mambo madogo zaidi. Mwaka 2025 serikali ya Gujarat ilitangaza kuwalipia watoto wa waliopoteza kazi karo ya shule, hadi rupia 13,500 kwa mwaka. Kizingiti kilikuwa kuthibitisha ajira: fundi asiye na mkataba wala hati ya mshahara ana njia chache za kuonyesha kuwa aliwahi kuwa na kazi.