Mhopi na Mavuno Yake ya Kwanza

Upande wa kusini mashariki wa Uingereza liko jimbo liitwalo Kent. Huko huonekana nyumba za matofali zilizo mviringo, zenye mapaa yaliyochongoka, na juu ya kila paa pana kofia nyeupe ya mbao igeukayo kwa kufuata upepo. Nyumba hizo zilijengwa ili kukaushia matunda ya mmea utambaao, jina lake mhopi. Siku hizi nyingi zimekuwa maskani ya watu, lakini mhopi ungali unalimwa, wala si katika mashamba makubwa tu, bali hata katika bustani ndogo za nyumbani.

Matunda yake, yaani hopi, si ya kuliwa. Ni mepesi kama karatasi, ya rangi ya kijani kibichi, yamejipanga magamba juu ya magamba. Ndani ya magamba hayo mna unga wa manjano, mchungu, wenye harufu kali. Watengenezao bia huchemsha hopi ili kuipa uchungu na harufu, tena huizuia isiharibike upesi. Kilimo hiki ni cha zamani: mwaka 1574 Reynolde Scot, mtu wa Kent, alitoa kitabu cha Kiingereza cha kuwafundisha watu kulima mhopi.

Mhopi una mche dume na mche jike, na hopi hutoka katika mche jike peke yake. Kwa hiyo mkulima hapandi mbegu, maana hajui zitakazoota kama ni dume au jike. Huchukua kipande cha shina la chini ya ardhi, mfano wa tangawizi, kutoka katika mche jike uliojulikana, akakipanda mwezi wa Machi au Aprili, baridi inapopungua. Huchagua mahali penye jua na udongo mzito wa rutuba usiotuamisha maji, kisha husimamisha nguzo ndefu na kufunga kamba. Chipukizi huizunguka kamba kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa, na mche uliokomaa huweza kupanda futi 18 au zaidi katika majira ya joto moja.

Hapo ndipo wengi hukosea. Mtu apandaye mara ya kwanza huona majani mengi, akatazamia kujaza kikapu mwezi wa Septemba. Siku ikifika hupata hopi chache za kujaza bakuli, au hapati hata moja. Akiudhika huukata mmea ungali kijani, na mwaka wa pili huchipuka kwa unyonge. Hakujua kwamba kazi kubwa ya mwaka wa kwanza hufanyika chini ya ardhi. Majani hutengeneza chakula kwa nguvu ya jua, na sehemu kubwa ya chakula hicho hushuka kuwekwa akiba katika mizizi. Majira ya baridi yakija, yote yaliyo juu hufa, lakini mizizi hubaki hai. Na akiba hiyo ndiyo ichipuzayo mmea mwaka wa pili.

Kwa hiyo mkulima mwenye busara huacha machipukizi yote yakue mwaka wa kwanza. Hopi chache zilizopatikana huzichuma kwa mkono, na shina halikati mpaka limekauka lenyewe. Mwaka wa pili huchagua machipukizi machache yenye nguvu kwa kila kamba, na mavuno huongezeka. Mwaka wa tatu mche hufikia nguvu zake, nao ukitunzwa vema huweza kutoa kati ya nusu kilo na kilo 1 ya hopi kavu. Toka hapo huweza kuzaa miaka 20 au zaidi.

Hopi iliyo tayari hujulikana kwa kuiminya: hulia kama karatasi kavu, na unga wake hunata vidoleni. Ikichumwa lazima ikaushwe upesi, kwani sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Kilo 5 mbichi hubaki kama kilo 1 tu. Zamani, kabla ya mashine kuenea katika miaka ya 1950 na 1960, jamaa maskini wa London, wazee kwa watoto, walisafiri kwenda Kent kila Septemba kuchuma hopi kwa ujira.

Mhopi hupenda siku ndefu za majira ya joto na baridi ya kuulaza. Karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, hauchanui vema. Lakini fundisho lake halina mpaka wa nchi. Mkulima wa Kent hauhukumu mmea wake kwa bakuli la mwaka wa kwanza, kwa kuwa ajua mavuno ya mwaka wa tatu yamekwisha anza kuwekwa chini ya udongo, mahali asipopaona.