Nyumba Haifichwi kwa Kaka

Wako waume wa Temeke na Kinondoni ambao, wakiona ndoa imeanza kuyumba, humwita kaka kutoka kijijini na kuiandika nyumba kwa jina lake. Hudhani wameiokoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, yamkataza mwenye nyumba ya ndoa kuiuza, kuitoa zawadi wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Na huyo kaka naye ana watoto wa kumrithi!

Kinga ya mume imo katika karatasi. Nyumba uliyoijenga kabla ya kuoa ni yako, isipokuwa kama iliendelezwa kwa kiasi kikubwa kwa jasho la mkeo au la nyinyi wawili. Basi tunza risiti za saruji na bati, zenye tarehe. Tunza pia hati za mikopo, kwani kifungu cha 114 chaiagiza mahakama kuyatazama madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote wawili.

Usitegemee hoja kwamba mke hakuwa na mshahara. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kwa hukumu ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali. Hata hivyo mke aliyekata rufani hiyo alishindwa, kwa kuwa mumewe alikwisha kumpa fedha za kuendeleza familia, naye akazitapanya.

Shauri la talaka kwa kawaida huanzia Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Nenda huko na risiti zako. Kaka abaki kijijini.