Kuvuta uzi wa gitaa ni kazi ya sikio

WENGI wetu tuliorudi Rwanda kutoka Tanzania, Uganda na Kongo tulirudi na masikio yaliyolelewa na muziki wa dansi, wa kina Franco na Mbaraka Mwinshehe. Vijana ninaowafundisha gitaa la umeme jioni hapa Nyamirambo wanataka kitu kingine. Wanataka kuvuta uzi hadi sauti ilie kama mtu. Huwaambia mapema kwamba katika rumba jambo hilo halina nafasi kubwa: magitaa mawili yakikimbizana sambamba, moja likipandisha sauti kwa kuvuta, yanagombana.

Hata hivyo nawafundisha, maana nani mwingine atawaonyesha? Orchestre Impala, iliyotamba hapa miaka ya 1970 na 1980, ilimpoteza Sebanani André, aliyeuawa mwaka 1994 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na hakuwa mwanamuziki pekee wa nchi hii kuuawa. Kaseti zilibaki, lakini kaseti hukupa sauti tu, haikuonyeshi kidole.

Basi tazama kidole. Bonyeza uzi wa tatu, nafasi ya 7, kwa kidole cha pete. Cha kati na cha shahada vikae nyuma yake kusaidia. Gumba lishike shingo ya gitaa kwa juu, kisha sukuma uzi kuelekea kwenye nyuzi nene. Nguvu itoke kwenye kifundo cha mkono, kama unayefungua kitasa. Lakini kabla ya kusukuma, piga nafasi ya 9 ya uzi huohuo, usikie unakokwenda. Ukiishia njiani, watu watadhani gitaa halijatuniwa.

Hapo mtoto aliyekulia katika Kinyarwanda ana mtaji. Inda ni tumbo, na inda ni chawa. Sauti ndiyo inayotenganisha. (Waliorudi na Kiswahili kitupu wanataniwa sokoni mpaka leo.) Sikio kama hilo hugundua haraka uzi usiofika.

B.B. King mwenyewe alitaka kuiga mlio wa Bukka White, ndugu wa mama yake, aliyetelezesha chuma juu ya nyuzi. Chuma kilimshinda, akatikisa uzi kwa vidole, na dunia ikamjua kwa mtikiso huo.

Usijaribu haya kwenye gitaa kavu. Mara nyingi uzi wake wa tatu umeviringishiwa waya, na utaumiza vidole bure. Mpaka wa Gatuna ulipofungwa kuanzia Februari 2019 hadi 31 Januari 2022, sisi tulioagiza nyuzi Kampala tulichemsha zilizochakaa ili zitoe uchafu na jasho, tukazifunga tena. Zililia siku mbili tatu, zikafifia.

Kwa hiyo wewe unayekwenda Kampala kwa biashara, ukiagizwa nyuzi na mwanao, uliza seti ya gitaa la umeme inayoanzia namba 9. Ongeza na nyuzi nyembamba za kwanza, mbili au tatu, kwa sababu hizo ndizo hukatika mapema.