Tiba Iliyomo Sahanini: Sehemu ya Pili

Katika sehemu ya kwanza tulieleza namna mafuta yanayozidi mwilini yanavyojipenyeza hadi kwenye ini na kongosho, na namna sukari inavyopanda katika damu viungo hivyo viwili vikishalemewa. Leo tunakabili swali gumu zaidi: mtu aliyekwisha kunenepa, na pengine kuambiwa hospitalini kwamba ana kisukari cha aina ya pili, anaweza kurudi alikotoka kwa kubadili chakula? Jibu langu ni kwamba wengi wanaweza, tena upesi kuliko wanavyodhani, na chakula chenyewe hakihitaji kuagizwa ng'ambo. Ila jibu hilo lina masharti, na masharti hayo ndiyo wauzaji wa chai za kuondoa kitambi wasiyoyataja.

Ushahidi wa kwanza unatoka Australia. Mwaka 1984 mtafiti Kerin O'Dea alichapisha matokeo ya wenyeji kumi wa asili wa nchi hiyo, wote wagonjwa wa kisukari, waliokuwa wamezoea unga mweupe, sukari, wali na soda. Watu hao walirudi kwenye ardhi ya wazee wao kaskazini-magharibi mwa nchi na kuishi huko wiki saba, wakila walichowinda, walichovua na walichochimba: kangaruu, samaki, mizizi ya porini. Walipopimwa tena, uzito wao ulikuwa umeshuka kwa wastani wa kilo nane, na sukari ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa imetoka milimoli 11.6 kwa lita hadi 6.6. Wiki saba tu zilitosha kugeuza hali iliyojengeka kwa miaka.

Ushahidi wa pili ni wa kwetu. Mwaka 2025 watafiti wa KCMC mjini Moshi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walitoa matokeo ya utafiti uliohusu vijana wa kiume 77 wenye afya njema kutoka Kilimanjaro. Waliozoea vyakula vya kijijini, yaani ndizi, maharage, mboga za majani na nafaka zisizokobolewa, walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye soseji, mkate mweupe na chipsi. Wenzao wa mjini walifanyiwa kinyume chake. Kundi la kwanza liliongezeka uzito kwa wastani wa zaidi ya kilo mbili, na damu yao ikaanza kuonyesha dalili za uvimbe wa ndani kwa ndani, ule unaohusishwa na magonjwa ya moyo na kisukari. Kundi la pili lilielekea upande wa nafuu, na baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye. Tukumbuke kwamba hawa walikuwa vijana wasio na ugonjwa wowote. Kama wiki mbili zinaweza kuitikisa damu ya kijana mzima, mwenye umri wa miaka hamsini anayekunywa chai na maandazi kila asubuhi asishangae vipimo vyake vikiharibika.

Ushahidi wa tatu ndio mkubwa kwa idadi ya watu. Huko Scotland na kaskazini mwa Uingereza, Roy Taylor wa Newcastle na Mike Lean wa Glasgow waliwachukua wagonjwa wa kisukari wa aina ya pili ambao ugonjwa wao haukuzidi miaka sita na ambao hawakuwa wakitumia insulini. Nusu yao walipewa vinywaji maalumu vya lishe visivyozidi kalori 850 hivi kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, kisha wakarudishwa polepole kwenye chakula cha kawaida. Matokeo yalitoka mwaka 2017: baada ya mwaka mmoja asilimia 46 walikuwa na sukari iliyo chini ya kiwango cha kisukari bila dawa, wakati kwa waliotibiwa kama ilivyozoeleka walikuwa asilimia 4. Kwa waliopungua kilo 15 au zaidi, asilimia 86 walifika hapo.

Sasa tuziweke sahani hizi tatu pamoja. Ya Australia ilikuwa na nyama na samaki kwa wingi, ya Kilimanjaro ilijaa ndizi na maharage, na ya Scotland haikuwa hata sahani, ilikuwa unga uliokorogwa kwa maji. Kwa hiyo wanaogombana kama adui ni wanga au ni nyama wanagombania jambo ambalo ushahidi haukulifanya mzizi wa tatizo. Ini halikuuliza mafuta yameondolewa na kangaruu au na ndizi. Lililolinusuru ni kupokea nishati ndogo kuliko ile mwili unayotumia, hata likalazimika kuteketeza akiba yake lenyewe. Anayekula wanga kidogo akapungua yu sahihi, na anayekula kande na mboga akapungua yu sahihi pia.

Hapo msomaji atauliza: kama ni suala la nishati tu, kwa nini tusiendelee na chipsi, ila chache? Jibu limo katika jaribio la Kevin Hall huko Marekani, lililochapishwa mwaka 2019. Watu 20 walikaa ndani ya kituo cha utafiti, wiki mbili wakiandaliwa vyakula vya viwandani na wiki mbili vyakula visivyosindikwa, huku wakiruhusiwa kula hadi washibe. Milo iliyoandaliwa ililingana kwa sukari, mafuta na nyuzinyuzi. Hata hivyo, kwenye vyakula vya viwandani walijikuta wanakula kalori 500 hivi zaidi kila siku na kunenepa karibu kilo moja, na kwenye vile vingine wakapungua kiasi hichohicho. Hakuna aliyewalazimisha. Chakula laini kisichohitaji kutafunwa hushuka upesi, na shibe huchelewa kubisha hodi. Mtu anayejilaumu kwamba hana nia ya kujizuia anapaswa kujua kwamba mara nyingi anapambana na chakula chenyewe.

Jikoni kwetu jambo hili linaonekana wazi. Viazi vilivyochemshwa vina kalori kama 85 kwa kila gramu 100. Vikikaangwa chipsi hukaribia 300. Fungu la mchicha lina kalori zisizozidi 50 au 60, lakini vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya kukaangia huliongezea 240. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari ya vijiko tisa vya chai, na Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba ni bora tusizidishe vijiko sita kwa siku nzima. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja vimekwisha kuvuka mpaka huo, hata kama soda haijaguswa.

Kuhusu ugali nataka kusema bila kuzunguka, maana watu wamepotoshwa. Wengi wamehama kutoka sembe kwenda dona wakisubiri kukonda, na hawakukonda. Dona ni bora kwa kuwa kiini na pumba vimebaki, pamoja na vitamini na nyuzinyuzi zake, lakini gramu 200 za unga, kiasi anachomaliza mtu mwenye njaa, zina kalori 700 hivi, uwe wa sembe au wa dona. Kinachobadilisha uzito ni tonge kupungua na mboga kuongezeka. Ugali ukichukua robo ya sahani, maharage au dagaa robo nyingine, na nusu iliyobaki ikawa matembele, mnafu au bamia zisizoogelea kwenye mafuta, mtu huinuka ameshiba akiwa amekula karibu nusu ya nishati aliyoizoea.

Wapo wanaopinga wakisema babu zetu walikula ugali mkubwa na hawakuwa na vitambi, kwa hiyo dawa ni jembe na mazoezi. Hoja hii ina uzito, lakini mtafiti Herman Pontzer na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, waliipima kwa Wahadza wa kandokando ya Ziwa Eyasi, ambao huwinda na kuchimba mizizi na kutembea mwendo mrefu kila siku. Ukubwa wa mwili ukishazingatiwa, nishati waliyotumia kwa siku haikuwazidi wakazi wa Marekani. Mazoezi yanalinda moyo, misuli na usingizi, na hakuna anayepaswa kuyaacha, ila kwa kupunguza uzito sahani ndiyo hutangulia.

Wengine husema chakula bora ni cha matajiri. Ni kweli kwa mafuta ya zeituni na parachichi za supamaketi, lakini si kweli kwa maharage, mlenda na dona, na kuacha soda hakumgharimu mtu shilingi. Wala unene si wa matajiri peke yao: utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Kikwazo kinachoniumiza zaidi ni maneno ya watu. UKIMWI uliwakondesha na kuwaua wengi kabla ya dawa za kufubaza virusi kupatikana, na hadi leo anayepungua kilo kumi hunong'onwa mtaani, huku mke aliyenawiri akihesabiwa sifa ya mumewe. Familia inayomwona mmoja wao anapungua kwa hiari imuulize sukari yake imefikia ngapi kabla ya kumhukumu.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni kwamba uzito hurudi. Hurudi kweli. Katika utafiti wa Scotland, ile asilimia 46 ilishuka hadi 36 mwaka wa pili. Lakini kwa wale waliokuwa bado wamepungua zaidi ya kilo kumi, asilimia 64 waliendelea kuwa huru na kisukari. Hii ndiyo sababu ninashikilia chakula cha nyumbani badala ya vinywaji vya kopo: mtu anaweza kula kande na mnafu miaka thelathini, na watoto wake wakala naye.

Sharti la mwisho ni la usalama. Wanaotumia insulini au vidonge kama glibenklamidi wasipunguze chakula kabla ya kumwona daktari, kwa sababu dozi iliyowafaa jana inaweza kuishusha sukari hadi wakazimia. Huko Scotland vidonge vya kisukari na vya presha vilisimamishwa siku ya kwanza, chini ya uangalizi wa kliniki. Wajawazito, watoto na wenye kisukari cha aina ya kwanza hawahusiki kabisa na mpango huu. Presha, na chumvi iliyojificha ndani ya mkate na viungo vya pakiti, tutaianza wiki ijayo.